Kuaga mlangoni au kukaa naye darasani: njia ipi inamfaa mtoto wako anapoanza darasa la kwanza

Wazazi wengi hufanya uamuzi huu wakiwa wameshafika mlangoni. Mtoto kamng'ang'ania mama mguuni, mwalimu kanyoosha mkono, wazazi wengine wamesimama pembeni wanatazama. Hapo mtu anachagua harakaharaka: nikae naye kidogo, nimwache akilia, au nimvizie akigeuka niondoke? Mlangoni si mahali pa kuamulia jambo hili. Kila njia ina watoto inaowafaa, na ni bora kuzipima mapema mkiwa nyumbani, kabla machozi hayajaanza.

Mimi hufundisha darasa la kwanza, kwa hiyo huona upande ambao mzazi haupati, yaani kinachotokea mlango ukishafungwa. Nitazilinganisha njia hizi kwa maswali matatu. Je, mtoto anajua kitakachofuata? Je, mwalimu anapata nafasi ya kumbembeleza, na anafanikiwa? Na je, mzazi ataweza kufanya vile vile kesho na keshokutwa? Swali hili la mwisho husahaulika sana, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtoto wa umri huu hatulizwi na asubuhi moja iliyokwenda vizuri. Anatulia anapoona asubuhi zinafanana.

Kuaga mlangoni na kuondoka

Mzazi anafika, anamkabidhi mtoto kwa mwalimu, anamkumbatia, anasema maneno yale yale ya kila siku, anaondoka. Yote hayo hayazidi dakika mbili tatu. Kwa anayetazama kwa mbali huonekana ni ukatili, hasa mtoto anapolia kwa sauti ya kusikika hadi getini.

Lakini hebu ubaki nami ndani kidogo. Mtoto analia, mabega yanapanda na kushuka, kifungo cha juu cha shati kimemezwa na kidevu. Simwambii anyamaze. Namshika mkono, namwambia najua anamtaka mama, na mama atakuja. Kisha nampa boksi la penseli nimwombe anisaidie kugawa, moja kwa kila mtu. Meza ya kwanza anagawa akilia. Meza ya pili kwikwi zinakatika katikati. Meza ya tatu kuna mtoto anakataa penseli ya kijani, anataka nyekundu, na huyu wangu anasimama kutafuta nyekundu ndani ya boksi. Hapo kilio kimekwisha bila mtu kukigombeza. Si wote wanaotulia upesi hivyo, lakini wengi hutulia ndani ya dakika chache baada ya mzazi kutoweka machoni. Mzazi hukosa kuiona sehemu hii kwa sababu yeye anaondoka na kilio masikioni.

Ubora wa njia hii ni kwamba inampa mwalimu kazi yake tangu siku ya kwanza. Mtoto anajifunza kuwa kuna mtu mwingine mzima humu ndani anayeweza kumtuliza. Na mzazi anaweza kuirudia kila asubuhi, iwe ana haraka au hana.

Ina masharti mawili. La kwanza, lazima kuwe na mtu wa kumpokea. Ikiwa darasa lina watoto wengi sana na mwalimu ni mmoja, huenda mtoto akaachwa amesimama peke yake karibu na mlango huku wengine wakiendelea. Kwa hiyo muulize mwalimu kabla ya siku ya kwanza: nani atamshika mkono mwanangu akifika? La pili, maneno ya kuaga yawe ya kweli, na yafungwe kwenye jambo ambalo mtoto analijua. “Nakuja sasa hivi” ni uongo, naye ataujua kabla ya mapumziko. “Nitakuja saa sita na nusu” halimsaidii mtoto asiyejua kusoma saa. Mwambie, “Mtacheza nje, mtarudi darasani, mtasomewa hadithi, halafu utaniona getini.” Hilo analishika, na siku nzima analifuata hatua kwa hatua. Wapo wanaonifuata baada ya michezo kuniuliza kama sasa ni zamu ya hadithi. Mtoto anayeuliza hivyo ameshaanza kutulia.

Kinachoiharibu njia hii ni kurudi. Mzazi anaaga, anapiga hatua kumi, anasikia kilio, anarudi kumkumbatia, anaaga tena. Mtoto anajifunza kwamba kuaga si kuaga, na kwamba akipandisha sauti mlango hufunguka. Anayejijua kuwa hataweza kuvumilia kilio kile asichague njia hii, au amtafute mtu mwingine wa kumpeleka mtoto wiki hizo za mwanzo.

Kukaa naye darasani siku za kwanza

Mzazi anaingia, anakaa kwenye kiti pembeni, anapunguza muda siku baada ya siku. Njia hii ina msingi wake, tena mzuri. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyewafuatilia watoto wachanga na mama zao nchini Uganda katikati ya miaka ya 1950, alieleza jinsi mtoto anavyomtumia mama kama kituo cha kuondokea: anatambaa kwenda kuchungulia kitu, anarudi, safari nyingine anakwenda mbali zaidi. Kung'ang'ania, basi, si dalili ya kudekezwa. Mtoto anatafuta kituo chake mahali asipopajua bado.

Wajerumani wameifanya njia hii kuwa na taratibu kamili. Mfumo unaojulikana kwa jina la Berlin, uliobuniwa miaka ya 1980 kwa ajili ya vituo vya malezi ya watoto wadogo, humtaka mzazi akae na mtoto kituoni takriban saa moja kwa siku, siku tatu za mwanzo, bila kujaribu kuachana kabisa. Siku ya nne mzazi anaaga na kutoka kwa muda mfupi, usiozidi nusu saa. Kinachotazamwa siku hiyo ni kama mlezi wa kituo anaweza kumtuliza mtoto. Kulia kwenyewe hakuhesabiwi kuwa ni kushindwa. Akitulizika, muda wa kuachana unaongezwa siku zinazofuata. Asipotulizika, mzazi anarudi na wanajipa siku zaidi. Mfumo huu ulitengenezwa kwa watoto wadogo zaidi kuliko wa darasa la kwanza, lakini kile kipimo cha siku ya nne nakiamini mno. Ndiyo maana mzazi anaponiuliza jioni, “Leo alilia?” huwa najibu kwa swali alilopaswa kuuliza: alilia muda gani baada ya wewe kuondoka, na nani alimtuliza?

Njia hii inawafaa watoto wa aina fulani. Yule ambaye hajawahi kupita chekechea wala kubaki na mtu asiye wa nyumbani. Yule aliyehamia mahali ambapo lugha ya darasani bado haisikii vizuri. Yule aliyefiwa karibuni, au ambaye wazazi wake wametengana, na anaogopa kwamba anayeondoka harudi. Mtoto wa namna hii ukimwacha mlangoni kwa mpigo mmoja, hofu yake inapata ushahidi.

Upande wa pili ni mzito, nami nausema kwa sababu naishi nao. Mzazi akiwa pembeni, macho ya mtoto hubaki kwake. Penseli ikivunjika anampelekea mama. Akitaka kwenda chooni anamwambia mama. Mwalimu hapati mlango wa kuingilia. Watoto wengine wakimwona mama wa mwenzao ameketi, waliokuwa wameshanyamaza huanza kuulizia mama zao. Na shule nyingi haziruhusu kabisa, au huruhusu siku ya kwanza tu.

Ukiruhusiwa, kaa bila kusaidia. Mtoto akikuletea penseli, mwelekeze kwa mwalimu: “Mpelekee mwalimu, ana kichongeo.” Mweleze tangu nyumbani siku utakayoacha kukaa, na uishike siku hiyo. Pasipo kikomo kinachojulikana kila asubuhi hugeuka majadiliano, na kwenye majadiliano ya kuchelewesha kuachana, mtoto wa miaka sita humshinda mtu mzima yeyote.

Kati ya njia hizi mbili sioni haja ya kuzungukazunguka. Mtoto aliyepita chekechea na kuizoea, aagwe mlangoni. Asiyewahi, mzazi akae naye darasani siku chache zenye mpango, kisha ahamie mlangoni. Kinachowaumiza wengi ni kuchanganya: leo ndani, kesho mlangoni, keshokutwa ndani tena kwa sababu alilia.

Umri nao ubadilishe hesabu. Nchini Finland mtoto huanza shule ya msingi mwaka anaotimiza miaka 7. Uingereza wengi huingia darasa la mapokezi, yaani mwaka wa kwanza kabisa wa shule, wakiwa na miaka 4. Hao si watoto wa aina moja, hata wakivaa sare zinazofanana. Kama wako ndiye mdogo kuliko wenzake darasani, mpe muda zaidi na usimlinganishe na jirani yake wa dawati aliyemzidi karibu mwaka mzima.

Kutoroka

Wapo wanaosubiri mtoto aanze kucheza, kisha wanaondoka kimyakimya. Asubuhi hiyo huonekana umeshinda, maana kilio hakuna. Gharama yake huja baadaye. Mtoto anageuka, hamwoni mtu, na hakuna aliyemwambia kitu. Kesho yake hataki kucheza, anacheza nusu huku jicho liko mlangoni. Nyumbani anakufuata hadi chooni. Hii siipendekezi kwa mtoto yeyote, hata ikishauriwa na mwalimu mwenzangu mwenye uzoefu.

Nusu siku au siku nzima

Shule nyingine humpa mzazi hiari ya wiki ya kwanza au mbili za nusu siku. Wazazi wengi huichukua wakidhani nusu siku ni shule iliyopunguzwa uchungu. Inategemea ni sehemu gani ya siku inayomsumbua mtoto.

Kama anachoka, nusu siku ni dawa kweli. Mtoto aliyezoea kulala mchana atafika mchana akiwa amechoka hoi, na uchovu wa umri huo hujitokeza kama ukaidi. Anasukuma, anagoma, analia kwa sababu mstari aliochora umepinda. Akitoka mapema wiki ya kwanza anaondoka na kumbukumbu nzuri ya darasa.

Kama shida yake ni kuachana, nusu siku haisaidii sana. Sehemu ngumu kwake ni robo saa ya asubuhi, nayo iko pale pale. Tena anakosa mchana, ambao mara nyingi ndio wakati watoto wamezoeana, wamepata wa kucheza nao, na mwalimu ana nafasi ya kukaa naye. Wiki ya pili anaporudi kwa siku nzima, anakuta wenzake wameshapeana nafasi za kukaa na marafiki, yeye anaanza upya. Mtoto huyu namwonea huruma zaidi kuliko yule anayelia asubuhi.

Nani ampeleke

Mama, baba, bibi, kaka mkubwa au gari la shule? Jibu langu ni fupi: yule ambaye kuachana naye si kugumu kuliko wote, na ambaye anaweza kuwepo kila siku wiki hizo. Kama mtoto humlilia mama lakini kwa baba anashuka na kuagana vizuri, basi baba ampeleke, na mama asilichukulie hilo kama upendo kupungua. Kaka au dada anayesoma shule hiyo hiyo ni msaada mkubwa njiani, lakini usimpe jukumu la kumtuliza mdogo wake darasani. Naye ana darasa lake, ana rafiki zake, na ana haki ya asubuhi yake. Gari la shule lina faida moja ambayo watu hawaitegemei: kuachana kunafanyika nyumbani, mahali mtoto anapopajua, na anafika shuleni akiwa katikati ya wenzake. Hasara yake ni kwamba wewe na mwalimu hamuonani. Hapo tafuteni namna nyingine ya kupeana habari, hata daftari dogo ndani ya begi.

Akirudi: kumuuliza au kumwacha

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa. Mwalimu anasema mtoto alikuwa mtulivu siku nzima. Mtoto huyo huyo akifika nyumbani anarusha kiatu, anamlilia dada yake bure, anakataa kuoga. Mzazi anajiuliza kama mwalimu amemdanganya. Hajadanganywa. Mtoto amejizuia saa nyingi: amekaa alipoambiwa akae, amenyamaza alipoambiwa anyamaze, amesubiri zamu. Akifika kwa watu anaowaamini, anauachilia mzigo wote. Ni dalili ya usalama nyumbani, hata kama inachosha.

Sasa linganisha mapokezi mawili. La kwanza: “Leo mmesoma nini? Umekula? Ulilia? Mwalimu alisemaje? Umepata rafiki?” Mtoto anajibu “sijui” mara tano, na mzazi anaingiwa na wasiwasi. La pili: unamkumbatia, unampa maji na kitu cha kula, mnatembea kimya au mnazungumza mambo mengine. Habari zinakuja zenyewe baadaye, akiwa anaoga au anapojiandaa kulala. Mimi nipo upande wa la pili bila kusita. Ukitaka kuuliza, uliza kitu kimoja kinachoshikika: leo ulikaa karibu na nani? Nani alichekesha watu?

Usiku pia unahusika. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kimependekeza tangu 2016 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 5 walale saa 10 hadi 13 ukijumlisha na usingizi wa mchana. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kumwamsha. Akiamshwa saa kumi na mbili asubuhi, akilala saa nne usiku amepata saa 8 tu, na hakuna mbinu ya kuaga mlangoni itakayofidia hilo. Kati ya yote niliyoandika hapa, usingizi ndio mabadiliko ya bei nafuu zaidi yenye faida kubwa zaidi.

Tumbo linauma: abaki au aende

Kuna asubuhi mtoto atasema tumbo linamuuma. Usiseme anaigiza. Hofu huuma tumboni kweli, na mtoto hana namna nyingine ya kuieleza. Angalia kwanza kama ana homa, anatapika, anaharisha, au amelala vibaya kwa maumivu. Ikiwa ni hivyo, abaki apate matibabu. Ikiwa maumivu huja asubuhi za shule tu, yakaisha saa ya shule ikipita, na mwisho wa wiki hayaonekani, aende, na umweleze mwalimu.

Kati ya kumwacha nyumbani “leo tu” na kumpeleka taratibu, la kwanza lina nafuu ya siku moja na deni la wiki nzima. Mtoto anagundua kwamba woga ukimpata kuna mlango wa kukimbilia, na kesho yake kurudi kunakuwa kugumu maradufu.

Kabla hujafika huko, kagua sababu moja ambayo watoto hawaisemi: choo. Wapo wanaobana siku nzima kwa sababu mlango wa choo cha shule haufungiki vizuri, pananuka, au hawawezi kufungua kifungo cha suruali kwa haraka. Anayebana haja kubwa kila siku huishia kupata choo kigumu, na hapo tumbo linauma kweli, halina uhusiano wowote na kuachana na mama. Nendeni pamoja siku moja mkakione choo hicho. Mfundishe kifungo, zipu na kitasa nyumbani, avifanye mwenyewe mara nyingi hadi vidole vizoee. Mpe na sentensi ya kuomba ruhusa, aikariri kwa sauti. Nimeona mtoto akiacha kulia asubuhi baada ya kubadilishiwa suruali yenye kifungo kigumu, akapewa ya kiunoni yenye mpira.

Na kama yote haya yamefanyika na bado hatulii? Jipeni wiki kadhaa kwanza, maana wengi hutengemaa polepole, na baada ya likizo au ugonjwa hurudi nyuma kidogo kisha wakasonga mbele. Wataalamu wa afya ya akili hutumia kipimo cha angalau wiki 4 kwa watoto kabla ya kuiita hofu ya kuachana kuwa ni tatizo la kitabibu, na hata hapo huangalia kama hofu hiyo imemzuia kusoma, kulala au kucheza. Lakini usisubiri wiki hizo zipite ikiwa mtoto hatulizwi na mtu yeyote shuleni siku baada ya siku, ameacha kula, ameanza tena kujikojolea usiku baada ya kuacha zamani, au anamtaja mtu fulani kwa hofu. Hilo la mwisho lifuatilie siku hiyo hiyo, kwa kumsikiliza mtoto kwanza kabla ya kwenda kuzungumza na shule.

Ukiamua kubadilisha njia, badilisha mwanzoni mwa wiki, na umwambie mtoto na mwalimu siku moja kabla, wote wawili kwa maneno yale yale.